Mazembe nje ya Kamalondo: mechi nane, goli moja

Dakika ya 68 mjini Cairo, tarehe 26 Aprili 2024, Mohamed Abdelmonem aliifungia Al Ahly goli la kwanza la nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, Kongo. Mechi ya kwenda, iliyochezwa Lubumbashi siku sita kabla, ilikuwa suluhu ya 0-0. Hapo TP Mazembe walihitaji goli moja tu. Si mawili, moja. Sare ya 1-1 ingewapeleka fainali wao, kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, walikuwa bado wanatumia kanuni ya goli la ugenini (jumla ikiwa sawa, anapita aliyefunga zaidi nje ya kwake), ile ambayo Ulaya waliifuta mwaka 2021. Hali hiyo ilidumu karibu robo saa. Kisha Wessam Abou Ali akafunga la pili, Akram Tawfik akapigilia la tatu, na habari ikaisha 3-0.

Baada ya mechi maneno yakawa yale yale: Al Ahly ni wakubwa, Cairo ni Cairo, watoto wamejitahidi. Al Ahly ni wakubwa kweli. Walikwenda fainali wakaifunga Espérance na kuchukua kombe lao la 12. Lakini ile robo saa kati ya goli la kwanza na la pili haielezwi na ukubwa wa mpinzani. Timu ilikuwa goli moja kutoka fainali ya Afrika, na goli hilo halikupatikana. Ukifungua daftari la miaka ya karibuni utaona kwamba halikupatikana Casablanca, halikupatikana Radès kule Tunisia, wala Luanda, na Dar es Salaam pia halikupatikana.

Kwa kupima hali ya timu ugenini, kosa la kwanza ni kuchanganya mechi zote kwenye chungu kimoja. Mechi ya Linafoot, ligi kuu ya Kongo, dhidi ya Lupopo wa mji huo huo pale Kibassa Maliba kwenye karatasi inaweza kuandikwa ugenini, lakini wachezaji wamelala vitandani mwao na mashabiki wamefika kwa miguu. Don Bosco vilevile, Lubumbashi Sport vilevile. Likasi ni kama kilomita 120 za barabara, na Kolwezi unaweza kwenda na kurudi. Ushindi huo wote ni halali, pointi ni pointi, ila hausemi chochote kuhusu timu itakavyosimama Afrika Kaskazini usiku mbele ya watu makumi elfu. Raundi za awali za CAF nazo ziwekwe pembeni, maana mpinzani mara nyingi ni timu ambayo Mazembe wangeifunga popote. Kinachobaki ni mechi za mtoano kuanzia robo fainali, Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho. Kati ya 2018 na 2024 ni hizi, goli za Mazembe zikitangulia:

Primeiro de Agosto, 2018: Luanda 0-0, nyumbani 1-1. Walitolewa.
Simba, 2019: Dar es Salaam 0-0, nyumbani 4-1. Walipita.
Espérance, 2019: Radès 0-1, nyumbani 0-0. Walitolewa.
Raja, 2020: Casablanca 0-2, nyumbani 1-0. Walitolewa.
Pyramids, 2022: Cairo 0-0, nyumbani 2-0. Walipita.
Berkane, 2022: nyumbani 1-0, Berkane 1-4. Walitolewa.
Petro de Luanda, 2024: Luanda 0-0, nyumbani 2-1. Walipita.
Al Ahly, 2024: nyumbani 0-0, Cairo 0-3. Walitolewa.

Soma kwanza upande wa nyumbani, maana huo ndio unaotudanganya. Mechi nane, ushindi tano, sare tatu, hakuna kufungwa hata moja. Goli 11 za kufunga, 3 za kufungwa. Shabiki anayesema Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi ulipo uwanja wa Mazembe, hapigwi mtu katika mechi hizi anasema kweli tupu. Sasa vuka upande wa pili: mechi nane, ushindi hakuna, suluhu nne, kupigwa mara nne. Goli 1 la kufunga, 10 za kufungwa. Na lile goli moja, la Berkane, liliingia siku ambayo timu ilikula manne.

Ukijumlisha pande zote mbili unapata 12 za kufunga na 13 za kufungwa. Kwa jumla ya namna hiyo timu ilipaswa kupita takribani nusu ya mitoano yake. Ilipita mitatu kati ya minane. Pengo hilo linatokana na kanuni ya goli la ugenini, na hapa ndipo inafaa kukaa kidogo.

Kuna jozi mbili za matokeo ambazo kila mpenzi wa timu hii angepaswa kuziweka kando kwa kando.

Fainali ya 2009, dhidi ya Heartland ya Nigeria. Owerri, Mazembe wanafungwa 2-1. Lubumbashi, wanashinda 1-0. Jumla 2-2, goli la Owerri linaamua, Mazembe mabingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1968. Robo fainali ya 2020, dhidi ya Raja. Casablanca, wanafungwa 2-0. Lubumbashi, wanashinda 1-0. Nje. Nyumbani ni tokeo lile lile kwa tarakimu. Ugenini wamefungwa goli mbili mara zote mbili. Tofauti ya ubingwa na kurudi nyumbani mapema ni goli moja lililofungwa Owerri na halikufungwa Casablanca.

Jozi ya pili. Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho 2016, dhidi ya Étoile du Sahel: Sousse 1-1, Lubumbashi 0-0, wakapita, na kombe wakalibeba. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, dhidi ya timu nyingine ya nchi hiyo hiyo ya Tunisia, Espérance: Radès 0-1, Lubumbashi 0-0, wakatolewa. Nyumbani tena ni tokeo moja. Kule Tunisia tena wameruhusu goli moja mara zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba 2016 walifunga, na 2019 hawakufunga.

Kwa hiyo wanaosema tatizo ni ulinzi wa ugenini wanatazama mahali pasipo. Chukua mechi za ugenini za zile fainali tano walizoshinda kati ya 2009 na 2017: Owerri 1-2, Radès 1-1 mwaka 2010 (baada ya ile 5-0 ya nyumbani), Algiers 2-1 mwaka 2015, Blida 1-1 mwaka 2016, Pretoria 0-0 mwaka 2017. Ongeza nusu fainali mbili, Omdurman 1-2 dhidi ya El Merreikh mwaka 2015 na ile ya Sousse. Mechi saba, ushindi mmoja, sare nne, kupigwa mara mbili. Goli 7 za kufunga, 8 za kufungwa. Ulinzi wa miaka hiyo mikubwa uliruhusu zaidi ya goli moja kwa mechi. Ule wa 2018 hadi 2024 umeruhusu 10 katika mechi nane, yaani karibu kiwango kile kile. Upande wa pili ndio ulioporomoka: kutoka goli moja kwa kila mechi hadi goli moja kwa mechi nane.

Mtu makini atauliza, na ana haki: hizo saba zimechaguliwa kutoka miaka ya ushindi, je, miaka ya kushindwa katika kipindi kile kile? Sawa, tuiweke. Mwaka 2012, nusu fainali, Espérance walikuja Lubumbashi wakatoka 0-0, kisha Radès ikawa 1-0 kwao. Ni kisa cha Cairo, miaka 12 kabla. Mwaka 2013, fainali ya Kombe la Shirikisho, Sfaxien walishinda 2-0 kwao, Mazembe wakashinda 2-1 nyumbani, haikutosha. Goli moja tu kule Sfax lingesawazisha jumla. Mwaka 2014 AS Vita walishinda 2-1 Kinshasa na 2-1 Lubumbashi, na hiyo ndiyo mechi pekee kati ya hizi ambamo goli la ugenini lilipatikana halafu nyumbani ndiko kulikobomoka. Kwa hiyo hata ukiingiza machungu, picha haibadiliki sana: mwaka ambao timu ilifunga nje ilikuwa hai hadi dakika ya mwisho, na mwaka ambao haikufunga ilikuwa inaomba Mungu.

Sasa tuizungumzie ile suluhu ya ugenini, kwa sababu ndiyo inayosifiwa kupita thamani yake. Kati ya zile nane, nne zimeisha 0-0 kule nje, zote zikiwa mechi ya kwenda, na mitatu kati ya mitoano hiyo minne ilipita. Mtu ataona huo ni mpango mzuri. Ni mpango mzuri dhidi ya timu unayoweza kuifunga nyumbani kwa goli mbili. Lakini angalia bei yake. Ukitoka 0-0 ugenini, mpinzani akipata goli moja tu Lubumbashi unalazimika kufunga mawili, kwa sababu 1-1 inakutoa. Simba walifunga, ikabidi mawili, yalipatikana manne. Petro walifunga, ikabidi mawili. Yalipatikana mawili kamili, hakuna la akiba. Primeiro de Agosto walifunga, likapatikana moja, na tiketi ya nusu fainali ya 2018 ikaenda Luanda. Mara tatu kati ya nne mpinzani amepata goli lake Kamalondo. Timu inayokuja kwa kujilinda ikiwa na 0-0 mkononi inahitaji kona moja tu au mpira mmoja wa adhabu.

Na pale ratiba inapogeuka, mechi ya kwenda ikawa nyumbani, mpango wenyewe unakufa. Pretoria 2017 uliwezekana kwa sababu Lubumbashi ilikuwa imetoa 2-1. Cairo 2024 haukuwezekana, maana baada ya 0-0 nyumbani, 0-0 ya pili huleta matuta moja kwa moja, bila muda wa nyongeza. Timu iliyokwenda Cairo ilipaswa kwenda kutafuta goli tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa goli lake lilikuwa na uzito wa karibu magoli mawili: wakifunga wao kwanza, Al Ahly wangelazimika kupata mawili. Zaidi ya saa nzima milango yote miwili ilikaa imefungwa, na kila dakika iliyopita ilimnufaisha mwenye uwanja na benchi lenye watu.

Kwa nini goli limepotea? Sababu zinazotajwa mitaani ni nne au tano, na hazina uzito sawa.

Uwanja wenyewe ni sababu, lakini ndogo kuliko inavyosemwa. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa 2011, una nyasi bandia. Kwenye nyasi bandia zenye ubora wa juu wa FIFA, mpira ukidondoshwa kutoka mita 2 hurudi juu kati ya sentimita 60 na 85, na kila mahali uwanjani hurudi karibu sawasawa. Mchezaji huzoea kupiga pasi ya chini kwa nguvu bila kutazama ardhi. Akifika kwenye nyasi asili zilizomwagiwa maji kabla ya mechi, pasi ile ile inafika nusu hatua nyuma ya mwenzake, na beki anaifikia kwanza. Zingatia kwamba ushindi pekee wa ugenini katika zile fainali tano, wa Algiers 2015, ulipatikana katika uwanja wa Omar Hamadi pale Bologhine, ambao nao ulikuwa na nyasi bandia. Lakini Sousse, Blida na Radès 2010 magoli yalipatikana bila hiyo. Kwa hiyo nyasi zinapunguza, hazizuii. Dawa yake inajulikana: siku tatu au nne za mazoezi kwenye nyasi asili kabla ya mechi, si saa moja ile ya jioni ya mwisho, na njumu mbili kwa kila mchezaji, moja ya meno mafupi na moja ya meno marefu kwa ardhi laini.

Mwinuko nao. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ina msukumo wa chini kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani. Mgeni kutoka Casablanca au Dar es Salaam huanza kuhema mapema kuliko kawaida yake, na mipira mirefu humpita kichwani. Mazembe wakishuka pwani hawadhuriki kimwili. Wanachopoteza ni ile faida. Pretoria iko juu kidogo kuliko Lubumbashi, na huko walimaliza kazi bila kuyumba. Ni jambo la kuandika pembeni ya daftari, si zaidi.

Washambuliaji, hapo ndipo penye moyo wa kisa. Kikosi cha kocha Patrice Carteron cha 2015 kilikuwa na Mbwana Samatta katikati, Rainford Kalaba akitokea pembeni, Thomas Ulimwengu, Roger Assalé, Solomon Asante. Pale Algiers, Kalaba na Samatta ndio waliofunga. Timu iliyozingirwa ugenini inahitaji vitu viwili kutoka kwa mtu wa mbele: ashike mpira uliopigwa ovyo na beki wake kwa sekunde tatu au nne hadi wenzake wafike, na awe na mbio za kuwatisha mabeki wasipande hadi mstari wa kati. Samatta alikuwa na vyote viwili. Akaenda Genk Januari 2016. Timu ya 2016 ilifunga bila yeye kwa sababu Kalaba na Assalé walikuwa bado wapo na wengine wakaongezeka. Kisha mlango ukabaki wazi: Ben Malango akaenda Raja 2019, Meschack Elia akaenda Young Boys 2020, Jackson Muleka akaenda Standard Liège mwaka huo huo. Klabu ikaegemea zaidi vijana wa shule yake ya Katumbi. Ni uamuzi wenye heshima na wenye faida kwa mpira wa Kongo. Lakini mshambuliaji wa miaka 20 anayefunga kila wiki Kamalondo hajawahi kupambana na beki wa kati wa timu ya taifa ya Misri akiwa peke yake, mpira ukimjia mara moja kila dakika tano.

Na hapo ligi ya ndani inaingia. Timu inayotawala uwanja karibu kila wiki nyumbani kwake hujifunza kushambulia safu iliyojipanga chini, kwa pasi fupi na krosi. Ugenini kwenye nusu fainali kazi ni kinyume: unapokonya mpira mita 30 kutoka golini kwako na una sekunde chache za kuvuka uwanja wa mita 105 kabla mwenyeji hajarudi kujipanga. Hicho hakifundishwi na mechi dhidi ya timu inayojifungia. Linafoot ya kugawa timu kwa kanda imepunguza pia safari ndefu. Mechi ngumu kweli za nje, zile za Kinshasa, zinakuja chache na kwa kuchelewa.

Kelele za uwanja na uchovu wa safari ninaviweka mwisho. Kamalondo inaingiza watu kama 18,500 na wako juu ya mstari. Cairo ina viti kama 75,000. Ndiyo, inatisha. Lakini Radès ilitisha 2010 na walifunga.

Kuna mtoano mmoja nje ya jedwali unaothibitisha kwamba tatizo halitokani na nyasi wala mwinuko wa nyumbani. Oktoba 2023, kwenye African Football League, Mazembe walicheza mechi yao ya nyumbani Dar es Salaam, wakaifunga Espérance 1-0. Hakuna nyasi bandia, hakuna mwinuko, na mashabiki wengi walikuwa Watanzania. Walishinda. Wakaenda Radès, 3-0. Uongozi wa goli moja, ugenini bila goli, nje. Ukiondoa lile goli moja la kule, ungeweza kubandika karatasi ya Berkane juu yake.

Sasa kwa anayetaka kupima mechi ijayo ya nje bila kusubiri matokeo. Chukua karatasi, igawe vipindi vya dakika 15, kisha hesabu mambo machache tu.

Kwanza, mipira iliyopokonywa ambayo pasi ya kwanza ilikwenda mbele. Ikiwa chini ya nusu, timu inacheza kuokoka. Pili, umbali kati ya mshambuliaji na kiungo aliye karibu naye wakati kipa au beki anapiga mpira mrefu. Tumia duara la katikati kama kipimo: upana wake ni mita 18.3. Kama duara zima linaingia kati yao na nafasi inabaki, mpira wa pili ni wa mwenyeji kila mara, na baada ya dakika 20 za hivyo goli linakuja lenyewe. Hili ndilo linaloharibika mara nyingi kuliko yote, na huharibika polepole: dakika ya 10 viungo wako karibu, dakika ya 35 wameshavutwa nyuma hatua kwa hatua hadi wamekalia vidole vya mabeki wao. Mashabiki husema timu imechoka. Haijachoka, imesukumwa.

Tatu, beki wa pembeni amevuka mstari wa kati mara ngapi. Kama ni sifuri kwa nusu saa, winga anacheza mmoja dhidi ya wawili na atapoteza. Nne, kona na mipira ya adhabu iliyopatikana ndani ya mita 35 za goli la mwenyeji. Timu isiyomiliki mpira ugenini inafunga kwa hiyo kuliko kwa kitu kingine chochote. Kama dakika 45 zimepita na hesabu ni sifuri, usitarajie muujiza kwenye dakika 45 zilizobaki bila mabadiliko ya watu.

Tano, na hili ndilo kocha anaweza kulirekebisha palepale, ni saa ya mabadiliko. Kanuni inaruhusu wachezaji watano katika vituo vitatu. Mbele yako weka swali moja kwenye dakika ya 55: goli letu moja sasa hivi lina thamani gani? Kama mechi ya kwenda ilikuwa 0-0 nyumbani, au ushindi mwembamba wa 1-0, goli moja linamlazimisha mwenyeji kuanza kupanda mlima. Basi mtu mwenye mbio anaingia kabla ya dakika ya 60, wakati bado ni 0-0, siyo baada ya kufungwa. Akiingia mabeki wa mwenyeji wakiwa wamepanda na wana haraka, anapata nafasi nyuma yao. Akiingia baada ya 1-0 naye mwenyeji bado anaogopa goli la ugenini, anawakuta wamejipanga. Akiingia baada ya 2-0 anaingia kukimbia bure. Lamine N'Diaye, aliyeiongoza timu hadi fainali ya Kombe la Dunia la Klabu 2010 na ndiye aliyekuwa benchi Cairo, anayajua haya kuliko mtu yeyote. Lakini kocha hubadilisha kwa alichonacho, na tunarudi pale pale kwenye washambuliaji.

Msimu uliofuata, 2024-25, haukuwa wa mtoano, ulikuwa wa makundi, ila namba zimeendelea na sura ile ile. Walipigwa na Al Hilal huko Nouakchott, Mauritania, ambako msimu huo Wasudani walichezea mechi zao za nyumbani kwa sababu ya vita. Walipigwa 3-1 na Yanga pale Dar es Salaam, tokeo lile lile la Februari 2023. Walipigwa 1-0 na MC Alger. Safari tatu, pointi sifuri. Nyumbani hawakufungwa: 0-0, 1-1, na 4-0 dhidi ya Al Hilal kwenye mechi ya mwisho, wakati Al Hilal walikuwa wameshafuzu na Mazembe wameshatolewa. Walimaliza wa mwisho kwa pointi 5.

Yale manne dhidi ya Al Hilal yanafaa kutazamwa tena badala ya kupuuzwa, kwa sababu Al Hilal ndio walioongoza kundi. Uwezo wa kuifunga timu ya kiwango hicho upo. Swali la dirisha la usajili si nani atafunga goli 15 kwenye Linafoot, hao wanapatikana kila mwaka. Ni nani atapewa mpira mbovu wa mita 40 kule Radès, mabeki wawili wakimning'inia, akaushika hadi wenzake wamfikie.